Mkojo ulikuwa unarudi kwenye figo za mwanangu, na mimi nikawa nalaumiwa usafi

Juzi nimepokea meseji ya mama mmoja, imeingia saa nane usiku, na mimi mama anayeandika saa nane usiku namjua yuko kwenye hali gani. Ana binti wa miaka minne, ameambiwa mkojo unarudi kwenye figo gredi ya nne kati ya tano, daktari anataka afanyiwe oparesheni mrija unaotoka kwenye figo upandikizwe upya kwenye kibofu, mume anasema mtoto hapasuliwi, mama mkwe anasema atakua yataisha. Anauliza, dada nifanyeje.

Nilimjibu kwa kifupi usiku uleule ila nimeona nililete hapa kwa urefu, maana sio wa kwanza kuniuliza, na pia wiki hii binti yangu ametimiza miaka miwili tangu atoke theata. Miaka miwili hajapata homa ya figo hata moja. Kwa mtoto aliyekuwa anachemka kila baada ya wiki tano sita, jamani, acha niseme.

Homa ya kwanza alikuwa na miezi kumi. Nikaambiwa meno. Ya pili meno tena. Ya tatu ilifika 40 na akawa anatetemeka mpaka midomo inabadilika rangi, hapo ndo mkojo ukapimwa, ukakutwa na maambukizi, tukapewa antibayotiki akapona. Halafu ikarudi. Na mtu wa kwanza aliyenieleza "sababu" alikuwa mhudumu mmoja ambaye aliniangalia mimi, hakumwangalia mtoto, akasema mama jifunze kumsafisha mwanao. Kuanzia mbele kwenda nyuma, kama vile nilikuwa sijui. Nilirudi nyumbani nikawa namsafisha yule mtoto kwa sabuni mara tano sita kwa siku, namsugua mpaka ngozi ikawa nyekundu, analia, na mimi nalia namwambia vumilia mama, ni ili usiumwe tena. Sabuni yenyewe ikazidi kumuwasha akawa anaubana mkojo kwa kuogopa kuungua, na mtoto anayebana mkojo anajiongezea maambukizi. Hilo sijalisahau na sidhani kama nitalisahau.

Miezi iliyofuata siisimulii, ni homa dawa, homa dawa.

Kilichotuokoa ni daktari mmoja kijana aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: huu mkojo uliwahi kuoteshwa maabara? Yaani kuoteshwa kabisa ijulikane ni mdudu gani na anakufa kwa dawa gani. Haukuwahi. Na mara mbili ulikusanywa kwa kile kifuko cha kubandika, ambacho mkojo wake unachafuka kirahisi na wadudu wa kwenye ngozi. Akautoa kwa mpira, ukaoteshwa, akaagiza na ultrasaundi. Figo ya kushoto ikaonekana imevimba kidogo na mrija wake umetanuka.

Ikafuata ile picha ya eksirei ya kibofu. Hii nataka niieleze kwa sababu mama wa juzi ameiogopa kuliko hata oparesheni. Mtoto anawekwa mpira mwembamba sana kupitia njia ya mkojo, kibofu kinajazwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, halafu anaambiwa akojoe palepale mezani huku wanapiga picha. Inasumbua, sitakudanganya, ila haichukui muda mrefu. Nilikuwa nimesimama kichwani kwake na lile vazi zito la kuzuia mionzi, nikainua macho nikaona kwenye skrini ile dawa nyeupe inapanda. Badala ya kwenda chini inapanda! Upande wa kushoto ikafika mpaka kwenye figo ikajaa mle ndani ikatanuka kama ua, kulia nako ikafika kwenye figo ila bila kutanua kitu. Kushoto gredi ya nne, kulia gredi ya pili, na gredi zenyewe zinaishia tano. Nilishika ile meza. Nilichokuwa nawaza ni kwamba sio mimi, kumbe haikuwa mikono yangu.

Daktari bingwa wa upasuaji alinielewesha kwa namna ambayo natamani kila mzazi angeelezwa. Alichukua mrija laini wa plastiki, akaupitisha chini ya shuka ya kitanda akauacha ulale kwa mshazari, akaweka kiganja juu akakandamiza. Akasema mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo unatakiwa uingie kwenye kibofu hivi, unalala kwanza ndani ya ukuta ndo unatokeza, ili kibofu kikijaa ukuta uubane na mkojo usiwe na pa kurudi. Wa kwako, akasema (akauvuta ukabaki kipande kifupi tu chini ya shuka), umeingia moja kwa moja, ukandamize usikandamize hauzibi. Kazaliwa hivyo. Kanuni wanayoitumia mafundi wa hii kazi ni kwamba ile sehemu iliyolala ndani ya ukuta iwe na urefu kama mara tano ya upana wa mrija. Oparesheni yote unayoisikia, kazi yake ni hiyo, kuuchomoa mrija na kuutengenezea njia ndefu zaidi ndani ya ukuta wa kibofu.

Sasa hapa ndo nianze ushauri, mama usikilize.

Sio kila mtoto anahitaji kisu. Gredi ya kwanza na ya pili nyingi zinaisha zenyewe, kwa sababu mtoto akikua ile sehemu ya ukutani nayo inarefuka. Kwa hiyo mama mkwe anayesema atakua yataisha hajasema uongo, ila amesema ukweli wa mtoto mwingine. Gredi ya nne inayoleta homa juu ya homa huku mtoto yuko kwenye dozi ya kuzuia ni habari nyingine. Sisi tulikaa kwenye ile dozi ndogo ya antibayotiki ya kila usiku kwa karibu mwaka. Dozi inasaidia kweli, kuna utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani 2014 kwa watoto 607 ukaonyesha inapunguza maambukizi kujirudia kwa nusu, ila makovu kwenye figo hayakupungua. Hilo la makovu ndo lililotufanya tuamue, maana picha ya pili ya figo, ile ya kuchoma dawa yenye mionzi kwenye mshipa, ilionyesha kovu juu ya figo ya kushoto ambalo mwanzo halikuwepo. Kovu la figo halifutiki. Mwambie mume wako hivyo hivyo, usizunguke.

Na kabla hujakubali uliza kama mtoto wako anafaa kuchomwa ile jeli kwenye mdomo wa mrija ili ujibane mkojo usirudi, inafanywa kupitia kamera bila kupasuliwa, iliruhusiwa Marekani tangu 2001 na mtoto anaweza kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa gredi za juu inafeli zaidi na wengine hurudia mara mbili, ndo maana sisi hatukuichukua. Oparesheni ya kufungua inafanikiwa kwa zaidi ya asilimia 95 na imefanywa miaka mingi sana, njia moja maarufu inatumika tangu 1958, nyingine inayopitisha mrija upande wa pili wa kibofu tangu 1975. Hii ya pili ndo aliyofanyiwa wangu, mirija yote miwili kwa pamoja. Sio majaribio mama, usikubali mtu akuambie wanataka kumfanyia mwanao majaribio.

Theata alikaa saa tatu na nusu. Mshono uko chini kabisa, umelala kama ule wa kujifungua kwa upasuaji, chupi inaufunika. Akatoka na mpira wa mkojo na dripu, na mkojo kwenye kifuko mwekundu kama maji yaliyosuuziwa kitambaa kinachochuja rangi. Nilikuwa nimeambiwa kuhusu damu kwa hiyo nilitulia. Ambacho hakuna aliyeniambia ni kubanwa kwa kibofu, na hili ndo naomba ulibebe kutoka kwenye haya maelezo yote hata ukisahau mengine.

Usiku wa kwanza mtoto amelala vizuri kabisa, dawa ya maumivu inafanya kazi, ghafla anakunja magoti mpaka tumboni, vidole vya miguu vinajikunja, anashika chuma cha kitanda anapiga kelele "nataka kukojoa, nataka kukojoa" na mkojo unapita pembeni ya mpira unalowesha shuka. Dakika moja, moja na nusu, inaachia, analala kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya dakika ishirini tena. Mimi nilijua mshono umefumuka. Nilikimbia kwa nesi bila viatu, nesi akaniambia kwa upole tu, mama ni kibofu kinajikaza, kimeguswa na hakipendi mpira, kuna dawa yake. Kumbe dawa ipo! Ilikuwa haijaandikwa tu kwenye faili. Ikaandikwa, asubuhi yake vipindi vikapungua vikawa vitatu kwa siku, mpira ulipotolewa vikaanza kwisha. Mimi nilikuwa na daftari naandika kila kimoja saa ngapi na kimechukua muda gani, na daktari wa zamu alilisoma lile daftari kuliko hata alivyonisikiliza mimi. Kwa hiyo uliza mapema, kabla hata hajaingia theata: dawa ya kibofu kujikaza imeandikwa? Usisubiri usiku. Na ujue hiyo dawa inakausha mdomo na inafunga choo, choo kikifunga kinasukuma kibofu na maumivu yanarudi, basi dai na ya kulainisha choo. Dai, usione aibu. Mama mpole sana wodini mtoto wake ndo anayeumia, mimi nimekuwa mpole miaka miwili na nimeona kilichotokea.

Siku ya tano tulikuwa nyumbani. Mkojo ukawa na damudamu kama siku kumi hivi, akawa anakwenda chooni kila nusu saa na wakati mwingine anajikojolea, hiyo usimgombeze kabisa, kibofu kinajifunza upya. Homa mpya, kutapika, au maumivu ya ubavuni yasiyoachia, hayo ndo ya kurudi nayo hospitali siku hiyohiyo, maana mrija unaweza kuwa umeziba. Halafu usiikose ultrasaundi ya baada ya wiki sita. Kuna watu mtoto akishaanza kuruka kamba wanaona kazi imekwisha, jamani, mrija ulioziba unaweza kuiua figo kimyakimya bila mtoto kulalamika.

Na hata sasa sijalala. Oparesheni inazuia mkojo kupanda, haizuii mdudu kuingia kwenye kibofu, kwa hiyo mambo ni yaleyale: akojoe kila saa mbili tatu hata kama anacheza, miguu ikanyage kigoda na magoti yaachane ili kibofu kiishe chote, maji ya kutosha, choo kisiwe kigumu. Presha yake inapimwa kila mwaka kwa ajili ya lile kovu, na mkojo unaangaliwa kama unapitisha protini. Siku akiwa mkubwa akapata mimba daktari wake lazima aambiwe, nimeshaandika kwenye faili lake kwa wino mwekundu nikiwa sipo alikute.

Kwa huyo baba anayesema mtoto hapasuliwi, mama, usigombane naye. Nenda naye siku ya kuonana na daktari, omba wawashe ile picha, aione mwenyewe dawa inapanda. Wangu alikuwa mgumu hivyohivyo na alipoiona aliuliza swali moja tu, tarehe ni lini.

Jambo la mwisho ambalo wengi hamuambiwi, hii kitu inatembea kwenye familia, kama mtoto mmoja kati ya wanne ambao ndugu yao anayo huwa nayo pia. Huyu mdogo wake ana miezi saba. Alipopata homa mwezi uliopita, kabla sijaulizwa kuhusu meno, nilikuwa nimeshafika maabara na nimewaambia mkojo utolewe kwa mpira na uoteshwe. Yule wa mapokezi alinishangaa. Majibu yalitoka baada ya siku tatu, hakuna mdudu aliyeota, ultrasaundi yake ni Jumatano ijayo.