Kazi za usiku zinapogongana: tununue kiratibu kikubwa au turekebishe tulichonacho?

SWALI: Ndugu Mhandisi, ninahudumu katika kitengo cha TEHAMA cha chama cha ushirika wa akiba na mikopo. Kila usiku tunafunga siku kwa mashine tatu: seva ya Linux yenye hifadhidata hukokotoa riba saa saba usiku, seva ya Windows hutengeneza ripoti saa nane, na mashine ya tatu hutuma faili la malipo kwa kampuni ya simu saa tisa. Kila mashine ina ratiba yake. Siku za kawaida mambo huenda sawa, lakini mwisho wa mwezi riba huchukua zaidi ya saa moja, ripoti hutoka pungufu, na mara mbili sasa tumetuma faili ambalo halijakamilika. Mkuu wangu anataka tununue programu ya kuratibu kazi kama zile za mabenki makubwa. Je, itatutibu?

JIBU: Ndugu msomaji, programu hiyo mkiinunua leo na kuihamishia ratiba mliyonayo, mwisho wa mwezi ujao ripoti itatoka pungufu vilevile, ila mtakuwa mmelipia leseni.

Kosa limejificha katika zile saa. Mlipopanga ripoti ianze saa nane, hamkuiambia mashine kwamba ripoti inaitegemea riba. Mliiambia tu kuwa kwa kawaida, ikifika saa nane, riba huwa imekwisha. Nafasi ya saa moja mliyoiacha katikati ni makisio, na bila shaka yalifanywa wakati chama kikiwa na wanachama wachache kuliko leo. Cron, kiratibu cha kawaida cha seva za Linux, ambacho kimekuwamo katika Unix tangu miaka ya 1970, huamsha programu kwa saa iliyoandikwa na basi. Hakiulizi kama kazi ya jirani imemalizika, wala hakina njia ya kujua kinachoendelea kwenye seva ya pili. Wengi hukimbilia kusogeza ripoti hadi saa tisa na malipo hadi saa kumi. Nakushauri usifanye hivyo, kwa sababu kusogeza saa hupunguza tu uwezekano wa kazi kugongana, lakini hakusaidii chochote siku ambayo riba imeanguka katika dakika ya kwanza: ripoti itaamka kwa wakati wake, itasoma takwimu za jana, na asubuhi itawekwa mezani kwa meneja ikiwa safi na yenye uongo.

Kinachotakiwa ni kila kazi iache ushahidi kwamba imekamilika, na kazi inayofuata isianze mpaka iuone ushahidi huo. Ushahidi wa kwanza ni namba ambayo kila programu huiacha inapomaliza: 0 ikifaulu, namba nyingine ikishindwa. Wazee wa kompyuta kubwa za IBM wamekuwa wakizipanga kazi kwa namba hizi tangu miaka ya 1960, wakitumia 0, 4, 8, 12 na 16 kutofautisha onyo dogo na ajali kamili, na wakiamuru hatua inayofuata irukwe iwapo iliyotangulia imepita kiwango fulani. Kagua skripti zenu, yaani mafaili ya amri zinazoendesha kazi hizo, kwanza, maana nyingi hudanganya bila kukusudia. Kwa mfano, mnapounganisha amri mbili kwa alama ya | katika bash, programu inayosoma amri kwenye Linux, namba inayorudishwa ni ya amri ya mwisho peke yake. Amri ya kutoa data ikianguka huku ile ya kubana faili ikifaulu, mashine itaandika 0. Agizo la set -o pipefail mwanzoni mwa skripti huuondoa mtego huo.

Ushahidi wa pili uwe jedwali dogo ndani ya hifadhidata, ambamo kila kazi inaandika jina lake, tarehe ya hesabu, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, idadi ya akaunti ilizozishughulikia na jumla ya fedha. Badala ya ripoti kupangiwa saa nane kamili, iamke kila baada ya dakika tano kuanzia saa saba na nusu, iulize kama riba ya tarehe husika imeandikwa kuwa imekamilika, na kama bado, ilale tena. Ikishatoka mara moja kwa tarehe hiyo, isitoke mara ya pili. Kwa kuwa kazi inayoamka mara kwa mara inaweza kujikanyaga yenyewe, iwekewe kufuli: kwenye Linux amri ya flock inatosha, na kwenye Windows kiratibu kilichomo ndani ya mfumo kina chaguo la kukataa kuanzisha nakala nyingine wakati ya kwanza ingali inaendelea. Mtashangaa jinsi jedwali hili moja litakavyopunguza simu za alfajiri.

Faili la malipo lina namna yake. Mashine inayotuma haipaswi kamwe kuliona faili linaloendelea kuandikwa. Kwa hiyo mwandishi, yaani programu inayolitengeneza, aliandike kwa jina la muda, na akishalifunga ndipo alibadilishe jina kuwa lile linalosubiriwa. Kubadilisha jina ndani ya diski ileile hufanyika kwa mkupuo mmoja, hivyo mtumaji ama atalikuta faili zima au hatalikuta kabisa. Pamoja nalo liandikwe faili la pili, dogo, lenye idadi ya mistari na jumla ya shilingi, na mtumaji ahesabu mwenyewe kabla ya kutuma. Hesabu zisipolingana, asimame na apige kelele.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko yote: je, kazi ya riba ikirudiwa, nini hutokea? Tuseme umeme umekatika baada ya akaunti 9,000 kati ya 20,000. Mwenye zamu anaamka saa kumi, amechoka, anaianzisha upya. Ikiwa skripti inaanza tu kutoka akaunti ya kwanza, wanachama 9,000 wamepata riba mara mbili, na kurekebisha hilo huchukua wiki, pamoja na barua za maelezo. Kwa hiyo jedwali la miamala liwe na sharti linalokataa mistari miwili yenye akaunti ileile, aina ileile ya muamala na tarehe ileile ya hesabu. Kazi igawanywe katika mafungu, tuseme ya akaunti 500, na kila fungu liandikwe pamoja na alama yake ya kukamilika ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, ili ama vyote viwili viingie au visiingie kabisa. Ikirudiwa, itaruka mafungu yaliyokwisha na kuendelea ilipoishia. Kwa malipo, kila mstari ubebe namba ya kumbukumbu isiyobadilika hata faili likitumwa tena, na muulizeni mpokeaji, kwa maandishi, kama mfumo wake huikataa namba uliyokwisha kuipokea. Kiratibu chochote, hata cha bei gani, kina kitufe cha kurudia kazi. Usalama wa kukibonyeza hautoki kwenye kiratibu, unatoka kwenye kazi yenyewe.

Angalia pia saa za mashine zenu. Seva nyingi, hasa zilizo kwenye wingu, huendeshwa kwa UTC, saa ya rejea ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kazi inayoanza saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili hapa kwetu, kwenye seva hiyo inaanza saa nne usiku wa tarehe 31 Machi. Skripti ikijiambia kwamba tarehe ya hesabu ni jana, itachukua tarehe 30, na kufunga mwezi kutarukwa. Dawa ni kutoiachia kazi yenyewe ijikisie tarehe. Tarehe ya hesabu itunzwe mahali pamoja, ipewe kila kazi inapoanza, na isogezwe mbele pale tu siku inapokuwa imefungwa. Ukijaribu kuipata tarehe kwa amri ya date ndani ya mstari wa crontab, lile faili la ratiba za Cron, kumbuka kwamba alama ya % humo husomwa kama mstari mpya mpaka itanguliwe na alama ya \. Na katika maandishi ya kukabidhiana zamu, tumieni mtindo wa saa 24. Niliwahi kumwambia mwenzangu katika taasisi moja aipange kazi saa mbili, nikimaanisha baada ya watu kutoka kazini jioni. Aliandika 02:00, nasi tuliupoteza usiku mzima tukisubiri.

Tahadhari nayo isitegemee kushindwa peke yake. Mashine iliyozimika haitumi ujumbe wa kushindwa. Weka kazi ndogo kwenye mashine ya nne, hata kompyuta ya kawaida, ambayo saa kumi na nusu alfajiri (04:30) inalitazama lile jedwali na kumtumia mwenye zamu ujumbe endapo mstari wowote uliotarajiwa haupo.

Kuhusu kununua: programu kama Control-M, AutoSys au IBM Workload Scheduler zina thamani yake pale kazi zinapofika mamia, zinapovuka idara kadhaa, na wakaguzi wanapotaka kuona nani alianzisha nini na kwa ruhusa ya nani. Ipo pia Apache Airflow, iliyoanzia Airbnb mwaka 2014, isiyo na ada ya leseni ingawa inahitaji mtu wa kuitunza. Kwa kazi tatu kwenye mashine tatu sioni sababu. Na mkuu wako aelezwe kuwa kiratibu kikubwa nacho ni mfumo unaoweza kuangusha mingine yote: Juni 2012 kundi la benki la RBS la Uingereza liliboresha programu yake ya kuratibu kazi za mkupuo, likaona hitilafu, likaiondoa bila kupima kwanza athari za kuirudisha ya zamani, na kazi za usiku zikakwama. Wateja wasiopungua milioni 6.5 waliathirika, wa Ulster Bank, mojawapo ya benki za kundi hilo, kwa muda mrefu kuliko wengine, na mwaka 2014 wasimamizi wawili wa sekta ya fedha waliitoza faini ya pauni milioni 42 na milioni 14.

Kama muda hautoshi kufanya yote haya kabla ya mwezi kwisha, anza na faili la malipo: jina la muda, faili la hesabu, na mtumaji anayekataa yasipolingana. Ni kazi ya siku mbili hivi. Ripoti mbovu unaweza kuiomba irudishwe na kuichapisha upya. Fedha iliyokwisha kuingia kwenye simu ya mtu, kuitoa ni habari nyingine.