Sehemu mchanganyiko: ni lini ugeuze kuwa sehemu guni na ni lini uiache

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini mwanao, kila anapokutana na sehemu mchanganyiko (namba nzima pamoja na sehemu, kama 3¾), huambiwa azidishe namba nzima kwa asili (namba ya chini) kisha ajumlishe kiasi (namba ya juu), na kama ni lazima afanye hivyo katika kila swali. Nafundisha tuisheni hapa Kirumba, Mwanza, na jibu langu ni kwamba inategemea tendo.

Chukua kilo 3¾ za dagaa pale soko la Mwaloni, na tuseme muuzaji amebakiwa na mawe ya robo peke yake. Kila kilo ina robo 4, kwa hiyo kilo 3 ni robo 12, na ukiongeza zile robo 3 za juu unapata robo 15, yaani 15/4, ambayo ni sehemu guni kwa kuwa kiasi ni kikubwa kuliko asili. Hiyo ndiyo maana ya 3 × 4 + 3: uzito ni uleule, ila sasa wote umehesabiwa kwa robo. Kurudi nyuma ni kugawanya 15 kwa 4, ukapata 3 na baki 3.

Katika kujumlisha na kutoa, kugeuza si lazima. Kwenye 5¼ − 2¾, robo 1 haitoshi kutolewa robo 3, basi vunja kilo moja kati ya zile 5, ubaki na 4 na robo 5. Ukitoa 2 na robo 3 unapata 2½. Kumlazimisha mtoto ageuze 48⅓ + 25⅓ kuwa sehemu guni, kama baadhi yetu walimu tunavyofanya, ni kumchosha bure.

Mtego uko kwenye kuzidisha. Wanafunzi wengi wakipewa 2½ × 1½ huzidisha 2 kwa 1, kisha ½ kwa ½, wakaandika 2¼. Huwa nawachorea chanja ya kuanikia dagaa yenye urefu wa mita 2½ na upana wa mita 1½, nikiikata pale mita nzima zinapoishia, vikapatikana vipande vinne vyenye mita za mraba 2, 1, ½ na ¼. Jumla ni 3¾. Wao wamehesabu kipande kikubwa na kile kidogo kabisa tu, wakaacha viwili vyenye jumla ya mita za mraba 1½. Ukigeuza kwanza, 5/2 × 3/2 inakupa 15/4 bila kuacha kipande chochote. Kugawanya nako kunataka ugeuze: 3¾ ÷ 1¼ ni 15/4 ÷ 5/4, na kwa kuwa zote ni robo, unauliza tu robo 5 zinaingia mara ngapi katika robo 15.