Mleta uzi, usilifyonze Jua ukitegemea lilipuke

Simama hapo hapo, mkuu, kabla hujamlipa mtu wa michoro. Umesema kwenye sehemu ya mwisho ya tamthilia yako maadui wanafyonza maada ya Jua mpaka linalipuka, na unauliza meli itoroke kwa kasi gani na mlipuko uwe wa rangi gani. Jua halilipuki! Ukilifyonza ndiyo kabisa.

Sisi tuliingizwa mkenge hapo hapo. Tulimlipa "mshauri wa sayansi", akatuapia kwamba nyota ikipunguziwa maada inakosa mizani na kupasuka. Kumbe kaitoa kwenye tamthilia ya runinga ya Stargate SG-1, sehemu ya mwaka 2001 iitwayo "Exodus", ambako lango la kusafiria kati ya sayari, lililounganishwa na shimo jeusi, linatupwa ndani ya nyota, linaifyonza, nayo inakuwa supanova, yaani inalipuka. Walioitunga sina ugomvi nao, kazi yao ni kuburudisha. Hasira yangu ni kwa mtu anayepokea hela ya ushauri bila kufungua hata kitabu kimoja. Mlipuko ule ulimeza bajeti yetu, na sehemu iliporushwa, komenti ya juu kabisa ilikuwa ya mwanafunzi wa sekondari: "Jua limepata wapi uzito wa kulipuka?" Mdhamini akaisoma. Msimu wa pili ukafia hapo.

Nyota kubwa hulipuka kwa kuelemewa. Ikiwa na uzito kuanzia kama mara 8 ya Jua, inaunguza haidrojeni (yaani atomi zake zinaungana na kutoa nishati), inakuja heliamu, inaendelea hivyo mpaka kiini kinakuwa chuma. Chuma kikiungana hakitoi nishati, kwa hiyo hakuna tena cha kuubeba mzigo wa juu. Kiini kikifika takribani mara 1.4 ya Jua, kinaporomoka ndani ya muda usiofika sekunde moja. Sasa wewe ukichota maada, mgandamizo unapungua, moto wa kiini unafifia, na nyota inaongezewa umri. Ukitoa kuni mekoni chungu kinapoa, hakipasuki. Jua letu, miaka kama bilioni 5 ijayo, litavimba, litamwaga matabaka yake ya nje na kubaki kibete cheupe, yaani kiini kidogo kizito cha nyota iliyokwisha moto. Basi.

Ukitaka mlipuko, tafuta nyota nzito. Iliyoonekana ikilipuka mwaka 1987 kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, ilikuwa na uzito wa kama Jua mara 20, na yenyewe ni skripti tosha: nutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zilinaswa kwenye tangi la maji la Kamiokande, Japani, saa kadhaa kabla mwanga wa mlipuko haujaonekana. Nutrino hutoka kwenye kiini mara moja, ilhali wimbi la mlipuko huchukua saa kadhaa kupenya hadi juu. Mwekee nahodha wako kipima nutrino mezani, kianze kulia huku nyota dirishani imetulia tuli.

Au tumia kibete cheupe kinacholishwa na nyota jirani mpaka kikaribie ile 1.4. Hapo napo maada inaongezwa, haichotwi!

Andika uzito wa nyota yako kwenye ukurasa wa kwanza wa skripti, halafu urudi hapa tuendelee.