Lori linalochemka kwenye mlima wa Ngomo

Ndugu, umeeleza kwamba lori lako huchemka kila linapopanda Ngomo kutoka Kamanyola kuja Bukavu, na kwamba maji hupungua ingawa chini huoni tone. Usifungue kifuniko cha rejeta, yaani kifaa kinachopoza maji ya injini, injini ikiwa moto. Ngoja ipoe kabisa, ujaze maji, kisha uiwashe na kutazama mdomoni mwa rejeta, kwani mapovu yasiyokoma, pamoja na moshi mweupe usioisha kwenye bomba la moshi, huonyesha kwamba gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo bapa kilicho kati ya bloku ya injini na kichwa chake, imeungua. Chomoa pia kijiti cha kupimia oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, lori lisitembee tena. Yasipoonekana hayo, kagua tundu dogo lililo chini ya pampu ya maji, ambako alama nyeupe hubaki maji yakishakauka. Kuondoa themostati, yaani vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, jambo ambalo mafundi wengi hulikimbilia, hakuzibi uvujaji wowote.