Unaenda kusoma baiolojia chuoni? Anza kupanga na mwaka wa tatu

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, simu yangu hujaa ujumbe wa wadogo zangu wa hapa Mwanza, wa Nyegezi, Mkolani, na wengine wako Ukerewe huko. "Shikamoo dada, nimemaliza PCB (fizikia, kemia na baiolojia), naomba ushauri wa chuo." Habari za chuo wanaulizia sana. Habari za kozi utakazosoma ukishaingia humo chuoni, karibu hakuna anayeuliza. Wengi wanadhani ukishadahiliwa utapewa ratiba kama ile ya sekondari, kazi yako iwe kuifuata tu.

Sivyo. Shahada ya kwanza ya sayansi ya miaka mitatu hapa Tanzania inadai krediti zisizopungua 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, yaani darasani, maabara na kujisomea kwa pamoja. Nyingi ni za kozi za lazima, hizo hazina mjadala. Zinazobaki ni za hiari, na hapo ndipo watu wawili walioingia siku moja kusoma kitu kimoja hutoka mmoja akiwa mtu wa maabara na mwingine mtu wa ziwani.

Kwa hiyo chukua prospektasi ya chuo chako, kile kitabu kinachoorodhesha kozi zote, ruka kurasa za mwaka wa kwanza, fungua mwaka wa tatu. Wekea alama kozi mbili tatu unazozitaka kwa dhati. Kisha tazama kila moja inadai uwe umesoma nini kabla yake, na hiyo nayo inadai nini, mpaka urudi muhula wa kwanza. Anayetaka baiolojia ya molekuli atakuta anahitaji baiokemia, na baiokemia haishikiki kama kemia ogania hukuielewa. Sasa yule anayeikwepa kemia ogania mwaka wa kwanza kwa kuwa "ile ni ya watu wa kemia" anakuwa ameshachaguliwa mwaka wake wa tatu bila kujua.

Kozi ninayoipigania kuliko zote ni takwimu. Najua, wengi mlikimbilia baiolojia mkikimbia hesabu, hasa nyie wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia). Isome mapema, kabla ya mafunzo kwa vitendo, ambayo kwa vyuo vingi huangukia likizo ndefu ya mwaka wa pili. Wengi hufanya kinyume: wanakwenda fildi, wanarudi na madaftari yaliyojaa namba, ndipo wanasoma namna ya kuzichambua na kugundua hazichambuliki.

Nitoe mfano wa huku kwetu. Umepewa kazi ya kuchunguza konokono wanaoeneza kichocho kwenye ufukwe. Wale wa jenasi ya Biomphalaria ndio wanaobeba kichocho cha tumbo, na wa Bulinus wanabeba kile cha mkojo. Una buti, glavu, na chekecheke lenye mpini la kuchotea. Tuseme umechota sehemu nne: ya kwanza konokono 0, ya pili 0, ya tatu 2, ya nne, kwenye magugu karibu na wanapofulia kina mama, 142. Wastani ni 36. Hiyo 36 haipo popote kwenye ufukwe ule! Konokono hukaa kwa mafungu, kama viumbe wengi walivyo, kwa hiyo unahitaji sehemu nyingi zaidi, zilizochaguliwa kwa utaratibu na si kwa kufuata penye njia nzuri ya kushukia, na unahitaji njia ya uchambuzi inayovumilia sifuri nyingi. Halafu kuna suala la saa. Ukitaka kujua konokono yupi ameambukizwa, unamweka kwenye kikombe cha maji safi kwenye mwanga na kusubiri atoe viluwiluwi vya kichocho, na vile vya kichocho cha tumbo hutoka zaidi kuelekea adhuhuri. Wewe ukichunguza asubuhi na mwenzako mchana, namba zenu hazilinganishiki. Haya yote huamuliwa kabla ya kukanyaga maji. Programu ya R, ambayo ni ya bure, itakusaidia kuchambua, ila haiwezi kuokoa data iliyokusanywa ovyo.

La pili ambalo watu hulidharau ni kozi ya hiari kutoka nje ya idara. Hapa nina mfano ninaoupenda, mnisamehe nikirefusha. Ziwa letu la Victoria lilikuwa na zaidi ya aina 500 za furu, wale samaki wadogo, wengi wakapotea baada ya sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960 kuongezeka. Kati ya waliobaki wamo wawili wa kwenye miamba ya ghuba ya Mwanza: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la bluu, na Pundamilia nyererei, dume lenye wekundu mgongoni, na ndiyo, jina hilo ni la Mwalimu. Wa bluu hukaa juu zaidi, mwekundu chini zaidi. Katika maji ya ziwa hili mwanga wa bluu huishia karibu na juu, na kadiri unavyoshuka unabaki ule wa kuelekea wekundu. Macho ya kila mmoja yameegemea mwanga wa mahali pake, na jike huchagua dume analoliona vizuri. Penye maji yenye tope kuchagua huko huvurugika, na samaki hao huchanganyika.

Ukitaka kukielewa kisa hicho chote unahitaji fizikia ya mwanga, jenetiki, ikolojia na taksonomia. Mwanafunzi wa zuolojia aliyesoma zuolojia peke yake ataishia kusema samaki ni wazuri.

Kuhusu mzigo wa kila muhula: kozi za maabara hazifanani na krediti zake. Kwenye karatasi zinaonekana ndogo, kumbe zinakula mchana mzima na usiku wa kuandika ripoti. Usirundike tatu muhula mmoja kama unaweza kusogeza moja. Vyuo vingi huweka alama 40 kwenye kazi za muhula na 60 kwenye mtihani wa mwisho, na ripoti za maabara ni sehemu ya hiyo 40. Ndiko sapu nyingi, yaani mitihani ya marudio, zinakoanzia.

GPA, yaani wastani wa alama zako zote, nayo ina maana, sitakudanganya. Kwenye vyuo vyetu vingi 3.5 ndiyo mlango wa daraja la pili la juu, na wafadhili wa shahada ya uzamili hulitazama sana. Lakini kuchagua kozi kwa sababu inasemekana "inatoa A" ni biashara mbaya kama haina uhusiano na zile ulizowekea alama.

Na kama bado hujui unapenda nini, una miezi kadhaa kabla chuo hakijafunguliwa, na uko Mwanza. Nenda Mwaloni Kirumba alfajiri utazame samaki wanavyoshushwa na kuuzwa. Vuka kwenda kisiwa cha Saanane. Nyegezi pale wapo TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, na maabara ya ubora wa samaki. Omba kwa adabu kuonana na mtu umuulize anafanya nini siku nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilipowazuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya vijidudu na sumu, maabara ndiyo iliyohitajika kuthibitisha usalama wao. Yule mtu wa mikrobaiolojia unayemdhania anakaa tu na visahani vyake ana uzito kwenye soko hili.

Ukishafika chuoni, kabla hujajisajili, pita ofisi ya idara uulize kozi zipi za hiari zitafundishwa kweli mwaka huu na zipi mwakani. Prospektasi huorodhesha zote, ila nyingine hupumzishwa kwa kuwa mhadhiri yuko masomoni au waliojiandikisha ni wachache mno. Kwa kila kozi ya hiari weka na ya akiba, na hiyo ya akiba nayo ifuatilie kurudi nyuma ujue inadai nini. Uyafanye wiki za mwanzo za muhula, maana dirisha la kubadilisha kozi likifungwa unasoma ulichojaza.