Divya Deshmukh alipataje ugrandmasta bila vigezo?

Mkuu, umeuliza kama Divya Deshmukh "alipewa" ugrandmasta. Hapana, cheo hicho cha juu kabisa cha sataranji (chess) mchezaji huyu wa India alikipata kihalali kabisa.

Njia ya kawaida ni kukusanya vigezo vitatu, yaani matokeo ya kiwango cha grandmasta kwenye mashindano makubwa, na kufikisha alama 2500 za ubora wa mchezaji. Yeye hakuwa na kigezo hata kimoja. Ila kanuni inasema anayetwaa Kombe la Dunia la wanawake hupewa cheo moja kwa moja, na Julai 2025 kule Batumi, Georgia, binti huyu wa Nagpur alilibeba akiwa na miaka 19.

Na hakubebwa na ratiba. Aliwatoa Zhu Jiner, Harika na Tan Zhongyi, kisha fainali akakutana na Koneru Humpy, aliyekuwa grandmasta tangu 2002. Divya alizaliwa 2005! Michezo miwili mirefu ilikwisha sare, wa kwanza wa haraka sare tena. Wa mwisho Divya alikuwa na kete nyeusi. Saa ikambana Humpy, akateleza mwishoni. Binti akaishia kulia kifuani kwa mama yake.

Tena mwaka mmoja kabla alikuwa bingwa wa dunia wa wasichana chini ya miaka 20, na Budapest akachukua dhahabu mbili za Olimpiadi ya sataranji, ya timu na yake binafsi.