Pombe inapunguza maumivu kweli, ila inakukopesha tu

Uliyeuliza kwa nini kaka yako alidondoka na boda akiwa amelewa akatembea na mguu umevunjika mpaka asubuhi ndo akaanza kulia, ni hivi, pombe inatuliza ubongo na mishipa ya fahamu, taarifa ya maumivu inafika imepoa na hata ile hofu ya maumivu inaisha, so mtu anajiona mzima. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti 18 zenye watu kama 400 wakakuta kiwango cha 0.08% kwenye damu, yaani kama vinywaji vitatu vinne vya kipimo cha kawaida, kinapunguza makali ya maumivu kwa kiasi cha kuonekana. Lakini jeraha liko palepale, tena unalikanyagia.

Sasa hapo uliposema na wewe unapiga mbili tatu kila usiku sababu ya mgongo ndo pameniogopesha jamani. Mwili unazoea, dozi inapanda, na siku ukiikosa pombe, maumivu yanaweza kurudi makali kuliko mwanzo. Mjomba wangu alianza hivyohivyo na mgongo, miaka ikaenda, pombe ikala mishipa ya fahamu ya miguu, usiku nyayo zinawaka moto hata shuka likimgusa anapiga kelele, mchana anakanyaga msumari hasikii.

Na tafadhali usichanganye na dawa, panado na pombe nyingi inaumiza ini, na diclofenac, dawa nyingine ya maumivu, ukichanganya na pombe inaweza kuchubua tumbo mpaka litoe damu. Nenda wakaucheki huo mgongo ndugu yangu, na waambie ukweli unakunywa kiasi gani.